Mbegu ya chungwa imeenda wapi?

Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni bibi wa hapa Ngamiani, nalea wajukuu wawili. Mdogo ana miaka saba. Ijumaa ya wiki iliyopita alikula chungwa la Muheza akameza mbegu. Kaka yake, mwenye miaka kumi na miwili, akamwambia mchungwa utaota tumboni na matawi yatamtokea masikioni. Tangu hapo mtoto halali vizuri, analia huku amejishika tumbo. Nikamwambia hakuna mti unaoota tumboni, naye akaniuliza, "Basi bibi, imeenda wapi?" Nikakosa la kusema. Nimweleze vipi mtoto mdogo chakula kinakokwenda? Na je, nimpe mafuta ya nyonyo ili itoke?

Jibu: Waalaykum salaam bibi, na shikamoo.

Mafuta ya nyonyo yarudishe kabatini. Mtoto akiharishwa ovyo anapoteza maji na chumvi bure, na mbegu ya chungwa haihitaji msaada wa kutoka. Inajua njia.

Mjukuu wako ameuliza swali la mahali, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kujibiwa, kituo kimoja baada ya kingine. Watu wazima wengi hukimbilia kusema "imeyeyuka". Si kweli, na mtoto anajua kuwa si kweli, maana amekwisha kuziona punje za mahindi zimetoka nzima chooni. Ukimwambia imeyeyuka, utakuwa umempa sababu ya kumwamini kaka yake kuliko wewe.

Ninapowapa watoto karatasi na kuwaambia wachore tumbo lao kwa ndani, wengi huchora mfuko: duara kubwa limejaa wali, samaki na soda, vyote vimerundikana. Hofu ya mti inazaliwa kwenye mchoro huo. Kama tumbo ni mfuko usio na mlango wa nyuma, basi mbegu iliyoingia imo tu, na kitu kilichokaa mahali penye maji na joto lazima kitaota. Mtoto hakukosea kufikiri. Aliyekosea ni mchoro.

Kwa hiyo anza hapa: tumbo ni njia. Ni bomba moja refu linaloanzia mdomoni na kuishia pale anapokaa chooni, na kitu kilichomo ndani ya bomba hilo bado hakijaingia mwilini. Najua inasikika ajabu. Mwambie afikirie basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mombasa. Linapita hapa kwetu Tanga, abiria anachungulia dirishani, anaona baiskeli na watu, kisha huyo, anakwenda zake mpaka Horohoro. Kama hakushuka, utasema ameingia Tanga? Amepita tu. Mbegu ni abiria wa Mombasa. Sukari na maji ya lile chungwa ndio walioshuka hapa.

Sasa swali linakuwa: nani anashuka, na anashukia wapi? Na hapo, bibi, huhitaji kitabu. Vyombo vyote vya somo hili unavyo jikoni: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, na bakuli. Siku ukipika wali wa nazi mkalishe mtoto kigodani karibu yako.

Nazi nzima haiwezi kutoa tui. Lazima ikunwe kwanza, na kazi ya mbuzi mwilini hufanywa na meno. Mtoto wa miaka saba yumo katika kubadilisha meno: ya utotoni ni 20, ya ukubwani ni 32, na pengo lake la mbele atalionyesha kwa fahari ukimwomba. Mwonyeshe tofauti kwa ulimi wake mwenyewe. Ya mbele ni makali, ya kukata. Ya nyuma ni mapana, ya kusaga. Na kama vile chicha linavyotiwa maji ili likamulike, mdomoni kuna mate. Mtu mzima hutoa kama lita moja hadi moja na nusu kwa siku, na karibu yote anayameza bila kujua.

Mate si maji matupu. Yana kitu kiitwacho kimeng'enya, na hiki mtoto anaweza kukikamata akiwa kazini. Mpe kipande cha mkate mkavu usio na sukari, atafune bila kumeza, huku mkihesabu pamoja mpaka sitini. Mkate utaanza kuwa mtamu. Hakuna aliyetia sukari. Wanga wa mkate, au wa muhogo, au wa ugali, ni kama ushanga mrefu ambao kila punje yake ni sukari. Ushanga mzima hauna utamu, kimeng'enya kikiukata vipande ulimi unautambua. Nimefanya jaribio hili na watoto mara nyingi na sijachoka kuzitazama nyuso zao hesabu inapofika arobaini hivi.

Halafu kumeza. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu hatari ya kweli ya mbegu iko hapa, wala haiko tumboni. Kooni kuna njia mbili, ya hewa mbele na ya chakula nyuma yake. Tunapomeza, kifuniko kidogo hufunika njia ya hewa, tonge likapita juu yake, kisha kikafunguka. Mtoto anayecheka, kukimbia au kuongea na chakula mdomoni anakifungua kifuniko wakati usiofaa, na ndipo anapopaliwa. Kikohozi kile ni mwili unaofukuza mgeni aliyekosea mlango. Wazee walipokataza kuzungumza wakati wa kula hawakuwa wanatafuta ukimya peke yake. Mtoto wa chini ya miaka minne au mitano asipewe karanga nzima, na huyu wa saba ale ameketi.

Hapo kwenye njia mbili, watoto wengi huongeza ya tatu ambayo haipo. Wanadhani maji na soda vina bomba lao, ndiyo maana mkojo na choo hutoka mahali tofauti. Hapana. Juisi na wali husafiri pamoja. Maji hunywewa na utumbo, yakaingia kwenye damu, damu ikapita kwenye figo, na figo ndizo zinazochuja mkojo. Kwa hiyo mkojo umewahi kuwa ndani ya mwili kweli. Choo kwa sehemu kubwa hakijawahi.

Bomba la chakula kutoka kooni linaitwa umio. Kwa mtu mzima lina kama sentimita 25. Tonge halianguki ndani yake kama jiwe kisimani, linasukumwa. Mpe mtoto barafu ya mfuko, umwonyeshe anavyoikamua kutoka chini ili ipande juu. Umio unafanya hivyo hivyo kuelekea chini: unajibana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, na katika sekunde kumi hivi limekwisha kufika. Kwa kuwa linasukumwa, mtu anaweza kumeza hata akiwa ameinamisha kichwa chini ya kiuno. Usimwambie hilo wakati wa chakula, atajaribu.

Kisha tumbo lenyewe. Mwambie akuonyeshe lilipo, ataweka mkono kitovuni. Msogeze mkono juu, kushoto, chini tu ya mbavu. Pale kitovuni ni makazi ya utumbo. Tumbo ni mfuko wa misuli unaokanda chakula kama unavyokanda unga wa maandazi, huku likimwaga maji yenye tindikali kali, kali kuliko ndimu. Kamulia ndimu kwenye maziwa kidogo, mtoto ayaone yanavyokatika mabonge. Mtoto mchanga akicheua, maziwa yaliyokatika yanayotoka ni ushahidi wa jambo hilo hilo. Tindikali inaua vijidudu vingi vilivyoingia na chakula, na inakipa nafasi kimeng'enya kingine kuanza kuikata nyama na maharage. Atakuuliza kwa nini tumbo halijisagi lenyewe. Kwa sababu limepakwa ute mzito ndani, na ngozi yake ya juu hubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache. Pale ute unapoharibika ndipo vidonda vya tumbo huanza.

Yule kaka wa miaka kumi na miwili hapa atabisha. Atasema, "Nani aliyeingia akaona?" Mjibu, yupo mtu aliyechungulia.

Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikampiga kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin, mfanyakazi wa biashara ya manyoya ya wanyama. Risasi ilimpasua ubavu wa kushoto mpaka tumboni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu bila matumaini makubwa. Kijana akapona, lakini tundu halikuziba; likabaki kama dirisha dogo kutoka nje mpaka ndani ya tumbo. Tarehe 1 Agosti 1825 Beaumont alifunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri: nyama ya namna mbalimbali, mkate mkavu, kabichi mbichi. Akavitumbukiza tunduni na kuvivuta baada ya muda kuvitazama, kama mvuvi anayekagua mshipi. Baada ya saa moja kabichi na mkate vilikuwa vimelika nusu, nyama bado. Alichota pia maji ya tumbo akayatia kwenye kichupa pamoja na kipande cha nyama, akakiweka kwenye joto kama la mwili, na nyama ikasagika ndani ya kichupa. Kwa hiyo mabishano ya zamani, kama tumbo linapika, linasaga au linaozesha, yakapata jibu: lina maji yake yanayofanya kazi hata nje ya mwili. Alichapisha kazi yake mwaka 1833, baada ya majaribio zaidi ya mia mbili.

Mimi hadithi hii huisimulia na nusu yake ya pili. St. Martin alikuwa maskini, Beaumont alikuwa mwajiri wake na tabibu wake kwa wakati mmoja, na majaribio mengi yalimuumiza au kumchosha. Mara kadhaa aliondoka, akarudi kwao Kanada. Alipofariki mwaka 1880, jamaa zake waliuacha mwili uharibike kwanza ndipo wauzike, ili madaktari wasiutake. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kubeba nusu zote mbili.

Kitu kimoja zaidi cha tumboni, kwa sababu watoto wa kwetu huanza kujaribu kufunga nusu siku wakiwa na umri huu. Tumbo linaponguruma saa tano asubuhi, mtoto hudhani limekasirika. Likiwa tupu, kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili hupitiwa na wimbi la misuli linalofagia mabaki, kuanzia tumboni mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Hewa na maji vinaposukumwa humo ndipo tunasikia ngurumo. Tumbo linafagia nyumba wakati wageni hawapo.

Baada ya saa mbili hadi nne, chakula kimekuwa uji. Kinaachiwa kidogo kidogo kuingia utumbo mwembamba, na hapa ndipo kituo cha basi kilipo. Hapa ndipo abiria wanashuka.

Toa kanga, bibi. Doti mbili. Zichane, au kama bado ni doti zima ambalo hutaki kulikata, azima kwa jirani zilizokwisha kukatwa. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu. Tandaza nne kwa urefu, moja baada ya nyingine, kutoka sebuleni mpaka uani. Hizo mita sita ndizo urefu wa utumbo mwembamba wa mtu mzima unaponyooshwa; kwa mtu aliye hai misuli huukaza ukawa mfupi kidogo, na wa mtoto ni mfupi zaidi. Kisha mwambie azikunjekunje zote nne zitoshe chini ya kitovu chake. Hilo hatalisahau.

Mwanzoni mwa njia hiyo kuna wasaidizi wawili wanaomimina vitu vyao kutoka pembeni. Wa kwanza ni kongosho, ambalo majimaji yake yanapoza ukali wa tindikali na kuleta vimeng'enya vya kumaliza wanga, protini na mafuta. Wa pili ni ini, linalotengeneza nyongo. Kazi ya nyongo mtoto ataiona siku ya samaki wa kupaka. Mpe sufuria yenye mafuta ya tui, aioshe kwa maji baridi matupu. Itateleza tu. Kisha mtilie sabuni. Nyongo ni sabuni ya utumbo: inayavunja mafuta kuwa matone madogo madogo ili vimeng'enya viyafikie.

Sasa lete kifumbu. Chicha limelowa, limekamuliwa, tui linapita, machicha yanabaki. Ukuta wa utumbo mwembamba ndio kifumbu chetu. Sukari, vipande vidogo vya protini, mafuta, vitamini, chumvi na maji ndilo tui, na vinapita ukutani kuingia mwilini. Mpaka kufika hapa, wali wa mchana ulikuwa bado uko nje, msafiri ndani ya basi. Akivuka ukuta huu ndipo anapokuwa sehemu ya mjukuu wako.

Ila mfano wa kifumbu una kasoro, na mtoto mwerevu ataiona. Kifumbu kina matundu na hakichagui. Kinapitisha chochote kidogo. Ukuta wa utumbo hauna matundu ya namna hiyo. Umejaa chembe hai ambazo kila moja ni kama mlinzi wa geti, anaangalia nani aingie. Na ukuta wenyewe hauko laini kama bomba la plastiki. Umeota vidole vidogo sana, urefu wake haufiki hata milimita moja, vimesongamana kama nyuzi za taulo. Uliza buchani: tumbo la ng'ombe lenye manyuzi huitwa taulo kwa sababu hiyo hiyo ya sura. Lile ni tumbo la mnyama anayekula majani, si utumbo mwembamba, lakini kwa mtoto linatosha kumpa picha. Taulo hunyonya maji kuliko kitambaa laini kwa kuwa lina uso mkubwa uliokunjamana. Vitabu vya zamani vilikuwa vikisema utumbo ukikunjuliwa unafunika uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyotolewa huko Sweden mwaka 2014 viliipunguza hesabu hiyo mpaka kama mita za mraba 30, chumba cha mita tano kwa sita. Bado ni chumba kizima ndani ya tumbo la mtu.

Tui lililopita huchukuliwa na damu moja kwa moja mpaka kwenye ini kabla halijagawiwa kwingine. Sehemu kubwa ya mafuta hupitia njia yake ya pembeni. Ini ni mtunza stoo: linaweka akiba ya sukari, linatoa ikihitajika, linaondoa sumu. Kwa mtu mzima lina kama kilo moja na nusu, kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo tumboni. Ngozi inayofunga jeraha la goti lake, pumzi anayokimbilia mpira, sentimita alizoongeza tangu mwaka jana, vyote vililetwa na tui hili.

Na mbegu? Mbegu imepita hapa ikiwa imefunga milango. Ganda lake limetengenezwa kwa nyuzinyuzi ambazo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuzikata. Ng'ombe angeziweza nyuzinyuzi za majani kwa msaada wa vijidudu vilivyomo tumboni mwake, sisi hatuwezi. Mbegu haikushuka kituoni. Imebaki na machicha.

Wewe machicha huyatupi. Unawamwagia kuku. Mwili nao hufanya vivyo hivyo. Mabaki yote yanaingia utumbo mpana, ambao ni mnene zaidi lakini mfupi, kama kanga moja tu, na huko wanangoja kuku wetu: bakteria. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 inakadiria kuwa mtu mzima ana bakteria kama trilioni 38, karibu sawa na idadi ya chembe za mwili wake mwenyewe, na wengi mno kati yao wanaishi kwenye utumbo mpana. Wanakula nyuzinyuzi tulizoshindwa, wanatutengenezea vitamini kadhaa, na wanazuia vijidudu wabaya wasipate nafasi ya kukaa. Mboga za majani, maembe, maharage na muhogo ndiyo pumba yao.

Kuku wakila, wanaacha uchafu na kelele. Bakteria wakila, wanaacha hewa. Mbaazi za nazi za asubuhi zina sukari za namna fulani ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzikata. Zinafika kwa bakteria zikiwa nzima, nao wanafanya karamu. Matokeo yake darasa zima linayasikia. Hewa hiyo kwa sehemu kubwa haina hata harufu. Inayonuka ni kidogo sana, yenye salfa. Mwambie kujamba si ugonjwa. Adabu ni jambo lingine, na hilo naliacha kwako.

Kazi kubwa ya pili ya huko ni maji. Mtu mzima hunywa na kula kama lita mbili za maji kwa siku, na mwili wenyewe humwaga njiani kama lita saba: mate, maji ya tumbo, nyongo, ya kongosho, ya utumbo. Karibu ndoo ndogo ya lita kumi ijae. Kinachotoka na choo ni kama nusu kikombe. Kilichobaki chote hurudishwa mwilini, zaidi na utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana unamalizia kukausha. Akiharisha, hesabu hii ndiyo imevurugika, ndiyo maana dawa ya kwanza ni maji ya pakiti ya chumvichumvi, anywe kidogo kidogo. Akichelewa kwenda chooni kwa kuogopa choo cha shule, machicha yanazidi kukauka, na siku anayokwenda analia. Rangi ya kahawia, kama atauliza (na atauliza), inatokana na nyongo, nayo inaipata kutoka kwenye chembe nyekundu za damu zilizochakaa.

Basi kwa nini mbegu haikuota huko, penye joto na unyevu? Kwa sababu mbegu inataka pia hewa ya oksijeni, na utumboni karibu haimo. Halafu inataka muda. Ya chungwa hukaa ardhini wiki mbili, tatu, hata zaidi kabla ya kuchomoza, wakati safari nzima kutoka mdomoni mpaka nje kwa kawaida ni siku moja hadi tatu. Pandeni moja kwenye kopo la udongo, muweke tarehe ukutani. Yeye na kaka yake wamwagilie. Ijulikane nani atachoka kusubiri.

Mbegu nyingine zimezoea safari hii kabisa. Mipera inayoota karibu na vyoo vya shimo na chini ya nyaya wanapokaa ndege haikupandwa na mtu. Mbegu ya pera humezwa na tunda lake, hupita tumboni salama, ikaota mahali ilipodondoka. Mti unatupa utamu ili tuibebe mbegu. Kwa hiyo kaka mtu alikuwa na robo ya ukweli: mti unaweza kuanza na mbegu iliyomezwa. Alikosea anuani.

Bazoka nayo ikimezwa hupita vilevile, haikai miaka saba. Lakini viko vitu ambavyo sitaki usubiri vipite. Betri zile bapa, kama kidonge, za saa na rimoti, zinaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, na sumaku mbili zikimezwa hubana utumbo katikati yake. Hapo usisubiri choo wala kesho. Mkimbize Bombo au hospitali iliyo karibu nawe zaidi, saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto akipaliwa na kitu halafu kikohozi kikaendelea au akapumua kwa sauti ya filimbi, hata kama anasema amepona. Na kama huyu wa kwako maumivu ya tumbo yanamwamsha usiku, anatapika, au choo kina damu, mlete aonwe. Ulivyoeleza wewe, naona hofu tu.

Usiku wa leo akiuliza tena, mhesabie kwa vidole. Ijumaa mchana, chungwa. Jioni, mbegu imekwisha kuondoka tumboni, iko kwenye kanga ya kwanza au ya pili. Usiku wakati amelala, kanga ya nne. Jumamosi yote iko na kuku. Jumapili, au ikichelewa sana Jumatatu asubuhi, imetoka, imekwenda na maji, wala yeye hakuiona kwa sababu hakuna anayetazama. Leo ni Jumapili nyingine. Kilichomo tumboni mwake ni mbaazi za asubuhi.